Usonji tumeusikia, sasa darasa liko wapi?

Kila ifikapo tarehe 2 Aprili, miji yetu huona maandamano ya wazazi waliovalia fulana za buluu, watoto wao wakiwa wamewashika mikono, na mabango yakiwataka wananchi waielewe hali iitwayo usonji, ambayo wengine huiita tawahudi. Siku hiyo ilitengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 2007, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Hotuba hutolewa, picha hupigwa na magazeti huandika. Kesho yake fulana hufuliwa, zikakunjwa, zikangoja Aprili nyingine.

Sipingi maandamano hayo hata kidogo. Nilipoanza kazi ya udaktari, ni mzazi mmoja mmoja tu aliyekuwa amewahi kulisikia neno usonji. Siku hizi mama huingia chumbani mwangu na kusema mwenyewe, "Daktari, nashuku mtoto wangu ana usonji." Mara nyingi huwa hajakosea. Hii ni dalili kwamba kazi ya kuuelimisha umma imezaa matunda. Hata hivyo, baada ya kuchunguzwa mtoto, mama huyo huniuliza swali la pili, nalo ndilo gumu: "Sasa nimpeleke wapi?"

Makala haya yanahusu swali hilo la pili. Usonji hauna tembe wala sindano ya kuuponya. Tiba yake kubwa ni mafunzo, na mafunzo humhitaji mwalimu aliyesomea kazi hiyo, msaidizi wake na darasa tulivu. Vitu hivi hulipiwa kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa hivyo, anayetaka kweli kuwasaidia watoto hawa aupime msaada wake kwa kipimo kimoja: je, umemweka mtoto gani darasani, na atakuwa humo hadi lini?

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo, kwa kadiri sayansi ijuavyo, chanzo chake huanza kabla ya mtoto kuzaliwa. Humfanya awe na ugumu wa kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na aghalabu hupenda kurudia jambo lile lile kwa namna ile ile. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu. Watu wawili wenye usonji huweza kutofautiana sana. Mmoja hatatamka neno maishani mwake, na mwingine atakuwa mhasibu hodari ambaye majirani humwona tu kama mtu asiyependa mikutano.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukichukua makadirio hayo na kuyapeleka kwenye mtaa ulio na watoto 1,000 wa umri wa shule ya msingi, watoto 7 au 8 kati yao wangekuwa na hali hii. Msomaji, jiulize: katika shule iliyo karibu na kwako, watoto hao 7 au 8 wako wapi? Baadhi wamo darasani na huitwa watundu au wajinga. Waliosalia wako nyumbani, na wengine kati yao mlango umefungwa kwa kufuli mama anapokwenda sokoni.

Dalili za mapema

Hali hii hutambuliwa zaidi kwa wavulana kuliko wasichana, ingawa wasichana nao huwa nayo na mara nyingi hupitwa bila kutambuliwa. Mzazi na achunguze mambo yafuatayo.

Mtoto wa mwaka mmoja anapoitwa kwa jina lake, aghalabu hugeuka. Kufikia mwaka mmoja na nusu, mtoto huwa tayari hunyosha kidole kumwonyesha mama ndege, paka au matatu inayopita, kisha humtazama mama usoni kuona kama naye ameona. Kunyosha kidole huku ni jambo kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kufikia miaka miwili, mtoto huwa anaunganisha maneno mawili, kama vile "mama njoo". Pale ambapo mambo haya hayapo, au mtoto alikuwa na maneno yake machache kisha yakapotea, mzazi asingoje.

Dalili nyinginezo ni mtoto kuepuka kumtazama mtu machoni; kupiga mikono hewani au kujizungusha kwa muda mrefu; kupanga vizibo vya soda katika mstari na kulia kwa uchungu mmoja ukiondolewa; kuzungusha gurudumu la gari la kuchezea badala ya kuliendesha; na kuziba masikio anaposikia kelele ya kinu cha kusaga unga au mashine ya kinyozi. Wengine hula aina mbili tatu tu za chakula. Dalili moja pekee haitoshi kusema mtoto ana usonji. Zikijumuika kadhaa, mpeleke akachunguzwe.

Jambo la kwanza ambalo daktari anapaswa kulifanya ni kuhakikisha kwamba mtoto anasikia vizuri, kwani mtoto kiziwi naye haitiki jina lake. Kisha yapo maswali ya kumwuliza mzazi ambayo yamepangwa na wataalamu kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Maswali hayo hayahitaji mashine yoyote, na muuguzi wa zahanati aliyefunzwa anaweza kuyauliza. Hapa Kenya tunayo nafasi nzuri ambayo hatuitumii ipasavyo. Mtoto hurudishwa kliniki akiwa na miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua. Mama huwa na kijitabu chake mkononi, nacho kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Lau kila muuguzi angeufungua ukurasa huo siku hiyo na kuuliza, "Je, hunyosha kidole? Je, hugeuka akiitwa?" watoto wengi wangetambuliwa miaka mitatu minne mapema kuliko ilivyo sasa.

Lawama zisizo na msingi

Kwa kuwa nimetaja chanjo, ni lazima niondoe hofu moja. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, pamoja na wenzake, walichapisha ripoti kuhusu watoto 12 katika jarida la Lancet, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huenda inahusiana na usonji. Mwaka 2010 jarida hilo liliifuta ripoti hiyo, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Watafiti wa Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na mwaka 2019 wakatangaza kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Sababu ya watu kuishuku chanjo ni rahisi kueleweka: mtoto huchanjwa katika umri ule ule ambapo dalili huanza kuonekana. Kufuatana kwa mambo mawili hakumaanishi kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Surua, kwa upande wake, ingali inaua watoto.

Lawama nyingine humwangukia mama. Katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wa huko Ulaya na Marekani walishikilia kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo kwa mwanawe. Nadharia hiyo iliwaumiza wanawake wengi kabla ya kutupiliwa mbali. Kwetu sisi lawama ni hiyo hiyo ila imevaa kanzu nyingine. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya mahojiano waliyofanya na wazazi na wataalamu katika Pwani ya Kenya. Miongoni mwa sababu zilizotajwa zilikuwa pepo wabaya, uchawi na laana. Nawajua akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu hiyo, na wengine waliouza kuku, mbuzi na hata shamba kumlipa mganga. Wapo pia matapeli wa mjini wenye ofisi nzuri, wanaouza dawa za maji na vyakula vya ajabu kwa ahadi ya kuponya. Baadhi ya dawa hizo ni hatari kwa maisha ya mtoto.

Urithi una nafasi kubwa katika kusababisha usonji. Uchunguzi wa pacha, ulioanza kuchapishwa mwaka 1977, ulionyesha kwamba pacha wanaofanana kabisa huwa na usonji wote wawili mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana. Urithi huu hauna aibu, kama vile urefu au rangi ya macho visivyo na aibu. Hakuna mzazi aliyemfanyia mwanawe jambo hili.

Aliyekuwa wa kwanza

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanafaa kusomwa na kila mzazi na kila mbunge. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambayo ndiyo yaliyoitambulisha hali hii kwa madaktari. Mtoto wa kwanza katika orodha hiyo alikuwa Donald Triplett, kutoka mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi.

Donald alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wazazi wake walishauriwa wamweke katika taasisi mbali na nyumbani. Walimpeleka, lakini baada ya muda wa mwaka hivi wakamrudisha. Baadaye aliishi kwa miaka kadhaa na mkulima mmoja na mkewe, nje ya mji. Watu hao hawakuwa madaktari. Walipoona kwamba mvulana huyo ana tabia ya kuhesabu mistari ya mahindi tena na tena, walimpa plau na farasi ahesabu mistari huku akilima. Tabia waliyoikuta waliigeuza kuwa kazi. Donald alikwenda shule ya upili ya mji wake, akaingia chuo, akafuzu mwaka 1958, kisha akaajiriwa katika benki ya mji huo. Alijifunza kuendesha gari, akacheza gofu na kuzuru nchi nyingi. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Usonji wake haukuponywa. Aliishi nao, kwa kuwa walikuwapo watu waliomfundisha na mji uliomkubali.

Tusisahau jambo moja. Familia ya mamake Donald ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa benki ile. Fedha zilikuwapo. Mtoto wa Kayole, wa Likoni au wa Nyalenda hana babu mwenye benki, na hiyo ndiyo sababu ya mfuko wa umma na mfuko wa majirani kushika nafasi ya babu huyo.

Hesabu ya shilingi

Na tuzungumze sasa kuhusu pesa, kwani jambo hili hukwepwa katika hotuba nyingi. Kiwango ambacho serikali imekuwa ikitenga kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Mwanafunzi mwenye mahitaji maalum huongezewa shilingi 2,300. Jumla ni shilingi 3,720. Ukizigawanya kwa siku za masomo za mwaka mzima, utapata kama shilingi 20 kwa siku. Kiasi hicho kinanunua mandazi mawili.

Chukua kitengo chenye watoto 12 ndani ya shule ya kawaida. Kwa mgao huo, kitengo hupata shilingi 44,640 kwa mwaka. Mshahara wa mwalimu hulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC. Lakini mwalimu mmoja hawezi peke yake kumwongoza mtoto mmoja msalani, kumzuia mwingine asikimbilie barabarani, na kumfundisha wa tatu kushika kalamu, yote kwa saa moja. Anahitaji msaidizi. Tuseme msaidizi huyo analipwa shilingi 10,000 kwa mwezi, mshahara ambao ni mdogo sana kwa mkazi wa mjini. Hizo ni shilingi 120,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya fedha zote za kitengo. Bado hatujanunua kadi za picha, sabuni, maji wala uji.

Pengo hilo hujazwa na nani? Aghalabu ni wazazi, na hasa akina mama ambao wengi wao wamelazimika kuacha kazi ili wamlee mtoto. Wenye uwezo huenda shule za kibinafsi na kulipa maelfu ya shilingi kwa kila kipindi cha mtaalamu wa kumfunza mtoto kusema. Wasio na uwezo hurudi nyumbani, na mtoto hurudi nyuma ya mlango.

Najua msomaji mmoja atauliza: shule zetu hazina madawati wala vyoo vya kutosha kwa watoto wa kawaida, kwa nini tutumie fedha nyingi kwa wachache? Nina majibu mawili. La kwanza ni la sheria. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika taasisi za elimu zilizo ndani ya jamii yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya wanaofaulu mitihani pekee.

Jibu la pili ni la hesabu. Mtoto asiyefunzwa hatoweki. Hukua akawa mtu mzima wa miaka 30 asiyejua kwenda msalani, kuvaa shati, kuvuka barabara wala kusema "hapana" anapodhulumiwa. Mtu huyo atahitaji wa kumlinda usiku na mchana kwa miaka mingine 40. Mama yake hatafanya kazi, na dadake huenda akaacha shule ili amlinde. Gharama hiyo yote hulipwa, ila haiandikwi katika kitabu chochote cha serikali. Mtoto yule yule akifunzwa tangu miaka mitatu au minne, hata asipotamka neno, anaweza kujifunza kuomba maji kwa picha, kula kwa kijiko, kungoja zamu yake, na baadaye kufuma mikeka, kulisha kuku au kupanga bidhaa dukani. Wengine, wakipewa msaidizi, husoma darasa moja na wenzao na kuwashinda kwa hesabu.

Wajibu wa serikali

Serikali haijakaa bure. Huduma za kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum zilianza mwaka 1984, na vituo vyake viko chini ya Wizara ya Elimu katika maeneo mbalimbali ya nchi. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, ilianzishwa mwaka 1986 na hufunza walimu. Sera ya elimu kwa wanafunzi wenye ulemavu ilitolewa mwaka 2018. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2017 una njia maalum kwa wanafunzi wasioweza kufuata mtaala wa kawaida, inayowapitisha hatua kwa hatua hadi kwenye ujuzi wa kazi. Karatasi tunazo.

Tatizo ni kwamba mtoto huyu huanguka katikati. Kwa mujibu wa Katiba, zahanati na shule za chekechea ziko mikononi mwa kaunti, ilhali shule za msingi na walimu wake ni za serikali kuu. Muuguzi wa kaunti anayemtambua mtoto hana mahali pa kumwandikia mwalimu wa serikali kuu. Mzazi ndiye hugeuka tarishi, akibeba bahasha kutoka ofisi hadi ofisi, na nauli ikimwishia njiani huachia hapo.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanawezekana bila kungoja sheria mpya. Kwanza, kila kaunti iamuru kliniki ya miezi 18 iulize maswali ya ukuaji na kumwandikia mtoto anayeshukiwa barua ya moja kwa moja hadi kituo cha tathmini. Pili, mgao wa mwanafunzi mwenye mahitaji maalum uhesabiwe kwa gharama halisi ya kitengo, pamoja na mshahara wa msaidizi. Tatu, mwalimu aliyesomea elimu maalum asihamishwe kutoka kitengoni kabla ya mwingine kufika. Mtoto mwenye usonji huumia kwa mabadiliko ya ghafla kuliko mtoto yeyote, na kumwondolea mwalimu wake katikati ya muhula ni kumrudisha miezi mingi nyuma.

Harambee ya kila mwezi

Je, tukae tukingoja serikali? La hasha. Huko Uingereza wazazi waliungana mwaka 1962, mmoja wao akiwa daktari Lorna Wing ambaye bintiye alikuwa na usonji. Kufikia mwaka 1965 walikuwa wamefungua shule yao huko Ealing, London. Hapa kwetu wazazi walianzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo kitengo cha watoto wenye usonji kikaanza katika shule ya msingi ya City, Nairobi. Wakenya hatuhitaji kufunzwa harambee na mtu yeyote. Shule nyingi za upili za nchi hii zilianza kwa michango ya wanakijiji kabla ya serikali kuzichukua.

Hata hivyo, harambee tuliyoizoea ni ya siku moja. Mgeni wa heshima huja, bahasha husomwa kwa sauti, na pesa zote huenda kwenye jengo na mkanda wa kukata. Jengo lisilo na msaidizi ni ghala. Kitengo cha usonji kinahitaji mchango mdogo usiokatika. Watu 50 wa mtaa mmoja, au wa kanisa moja, msikiti mmoja au chama kimoja, wakitoa shilingi 200 kila mwezi kwa simu, hupata shilingi 10,000. Huo ndio mshahara wa yule msaidizi niliyemtaja. Watu 50 wengine watalipia uji na kadi za picha. Mia mbili ni bei ya soda chache.

Michango hii iwe na utaratibu. Akaunti itiwe sahihi na watu watatu, yaani mwalimu mkuu, mzazi wa mtoto aliyemo kitengoni, na mkazi asiye na mtoto humo. Hesabu zibandikwe kwenye ubao wa shule kila mwisho wa mwezi. Tujihadhari na anayekuja na picha ya mtoto akilia, asiyeweza kutaja shule wala mwalimu wake. Na tuache kuwapiga watoto picha za kuhurumiwa. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima siku moja, na picha hizo zitamfuata.

Wazazi nao wajue haki zao. Mtoto akishachunguzwa katika hospitali ya umma, aandikishwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia maskini yenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mahali palipo na wazazi watano wenye watoto wa aina hii, waungane na kumwendea mwalimu mkuu pamoja. Mzazi mmoja huambiwa arudi kesho, lakini watano hupewa kiti.

Kazi ya wiki hii

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mtoto mwenye usonji, ubichi huo ni miaka ya kwanza kabla ya shule, wakati ambapo ubongo hujifunza kwa kasi. Kila mwaka anaokaa nyumbani akingoja ni mwaka ghali. Hii haimaanishi kwamba aliyefikisha miaka 10 au 15 ameachwa na gari. Huyo naye hujifunza, ila kwa jasho zaidi.

Basi, msomaji, nakuomba ufanye jambo moja wiki hii. Nenda katika shule ya msingi ya umma iliyo karibu nawe, iwe una mtoto humo au huna. Mwulize mwalimu mkuu kama kuna kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum. Kikiwapo, uliza kina watoto wangapi, wasaidizi wangapi, na nani huwalipa. Kisipokuwapo, uliza ni nini kinachohitajika ili kianze, kisha rudi na majirani wako wanne. Maandamano ya Aprili ijayo yatakuwa na maana zaidi iwapo watoto watakaotembea siku hiyo watakuwa na darasa la kuingia kesho yake asubuhi.